Nani Anashika Ufunguo wa Kibanda cha Maji?

Tangu Katiba ya Kenya ya 2010 iliponena, katika kifungu cha 10, kwamba wananchi washiriki katika mambo ya utawala, mikutano ya miradi imejaa kote, kuanzia Kisumu hadi Busia. Watu huitwa, husikiliza, hutia sahihi kwenye karatasi, hunywa soda, huenda zao. Mimi hufundisha usimamizi wa miradi, na mkutano wa aina hiyo hunitia wasiwasi. Hapo watu wameshirikishwa, hawajashirikiana. Anayeshirikiana nawe amebeba kipande cha kazi, tena ana haki ya kukuuliza chako umekifikisha wapi.

Nyalenda, hapa Kisumu, inatufunza mengi. Zamani mabomba membamba yalitambaa mitaroni, mengine yameunganishwa kwa siri, yakivuja usiku kucha. Maji yaliyosafishwa kwa gharama yalipotea kabla ya kulipiwa. Kampuni ya maji ya mji, KIWASCO, ikabadili utaratibu: ikaanza kuyauza kwa jumla, kwa bei ya chini, kwa vikundi na watu wa mtaa wenyewe. Mita kubwa imewekwa mwanzoni mwa laini, na maji yote yanayopita hapo kikundi ndicho kinacholipia. Kuanzia hapo ni wao wanaouzia nyumba na vibanda, wanaosoma mita ndogo, wanaokusanya malipo na kufuatilia mivujo.

Tuitafakari mita hiyo kubwa. Maji yakimwagika kabla ya kuifikia, kampuni imepata hasara. Yakimwagika baada yake, kikundi ndicho kimepata hasara, na kwa hiyo kuna mtu atakayeamka usiku wa manane na tochi. Karani wa ofisini angejuaje kwamba bomba limepasuka nyuma ya choo cha fulani? Jirani anajua kabla jogoo hajawika. Mita imechora mpaka wa kazi, kila upande unaujua, na lawama hazina pa kujificha.

Nimewaona wasimamizi wazuri wakiuchukulia ushirikiano kama tabia njema itakayojitokeza yenyewe. Ni kazi kama kuchimba mtaro, nayo inahitaji siku zake kwenye ratiba na pesa zake kwenye bajeti: nauli, chai, mtu wa kufasiri Kijaluo au Kiluhya. Saa ya mkutano pia ipangwe kwa akili. Mama anayenunua samaki ufuoni Dunga, mashua zikiingia asubuhi, hawezi kuwa mkutanoni saa hiyo hiyo. Ukiuweka wakati huo umemwacha nje, hata kama jina lake limo kwenye orodha.

Na wasisahauliwe wanaoshika jembe. Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, una udongo mweusi unaofura mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, na bomba lililozikwa humo bila maandalizi huvutwa huku na huku hadi likatike. Mhandisi husoma hayo kwenye ripoti. Mchimbaji aliyezaliwa huko anayajua kwa nyufa za ukuta wa nyumba yake, na anaweza kukuonyesha pa kupitisha bomba ukimuuliza kabla mtaro haujachimbwa.

Ndiyo maana nikiletewa mpango wa mradi wa maji niukague, naanza na ukurasa wa majukumu. Namtafuta atakayeshika ufunguo wa kibanda na atakayemshikia akiugua. Nisipowaona, naurudisha mpango kabla sijafika kwenye hesabu.