Hipu ya Cassandra iishie wapi? Kugawa RAM ya seva ya GB 32

Seva ina RAM ya GB 32. Klasta ya Cassandra, yaani hifadhidata inayogawa data kwenye seva kadhaa (nodi), ni ya nodi 3 zilizofungwa mjini Kigoma, na kazi yake ni kupokea takwimu za mialo kama Kibirizi: chombo kimetua saa ngapi, kilo za dagaa, kilo za migebuka, bei ya alfajiri. Siku moja maombi yanaanza kuchelewa, msimamizi anapandisha hipu, yaani sehemu ya RAM ambayo Java hutengewa kwa vitu vyake, kutoka GB 8 hadi 16. Kesho yake hali ni ile ile, anafika 24. Sasa klasta ni nzito kuliko ilivyokuwa mwanzo. Hili hutokea mno, na chanzo chake ni kudhani kwamba RAM ambayo hipu haijaichukua imekaa bure.

Haijakaa bure. Cassandra imeandikwa kwa Java, kwa hiyo vitu vyake vingi huishi ndani ya hipu: majedwali ya muda yanayopokea data kabla haijashushwa diskini, matokeo ya maombi yanayoandaliwa, kashe (hifadhi ya haraka) ya funguo. Nje ya hipu kuna tabaka la pili: vichujio vya Bloom (huonyesha faili zisizo na data inayotafutwa), ramani za faili zilizobanwa, muhtasari wa faharasa, na kashe ya vipande vya faili ambayo kwa kawaida haizidi MB 512. Tabaka la tatu ni la kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo wa Linux: kashe ya kurasa, ambamo Linux hutunza sehemu za faili zilizosomwa karibuni. Hili la tatu halina mstari wake kwenye faili za usanidi, ndiyo maana husahaulika, na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya usomaji. Kila GB unayoiongezea hipu umeitoa humo. Usomaji uliokuwa ukijibiwa na RAM unashuka diskini, na seva yenye hipu kubwa inageuka kuwa seva yenye diski iliyoelemewa.

Amri ya `free -h` huwatisha wengi hapa. Safu ya `free` huonyesha MB chache tu, mtu akaona RAM imekwisha. Tazama `available`, na uione `buff/cache` kubwa kama habari njema.

Usipoweka chochote, hati ya `cassandra-env.sh` katika matoleo mengi hukokotoa hipu yenyewe. Huchukua nusu ya RAM isiyozidi GB 1, huchukua robo ya RAM isiyozidi GB 8, kisha hutumia iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Seva ya GB 16 inapata hipu ya GB 4, ya GB 32 inapata 8, na ya GB 64 nayo inabaki na 8. Kwa seva yetu ya GB 32 ninashauri uanzie hiyo 8, na usivuke 12 bila ushahidi wa logi. Ukiwa na 12, toa GB 3 au 4 za nje ya hipu, toa GB 1 au 2 za mfumo na programu ndogondogo za ufuatiliaji, kashe ya kurasa inabakiwa na takriban GB 14 hadi 16. Hapo pana nafasi ya kupumua. Kwa seva ya GB 64 unaweza kwenda 16 hadi 24. Popote ulipo, usivuke 31: hipu ikifika GB 32, Java huacha kutumia anwani fupi za vitu, kila rejeo linakuwa na baiti 8 badala ya 4, na hipu ya GB 33 inaweza kubeba vitu vichache kuliko ya 31.

Weka `-Xms` (hipu ya kuanzia) na `-Xmx` (hipu ya juu kabisa) ziwe sawa. Hipu inayotanuka na kusinyaa husimamisha kazi wakati wa kubadilika. Acha pia `-XX:+AlwaysPreTouch` ifanye kazi, maana hugusa kila ukurasa wa hipu wakati wa kuwasha. Kama RAM haitoshi, utajua dakika hiyo hiyo na si saa kumi na moja alfajiri vyombo vinapotua.

Kabla ya kugusa `HEAP_NEWSIZE`, yaani ukubwa wa eneo la vitu vichanga, angalia seva yako inatumia mzoaji taka yupi (sehemu ya Java inayoondoa vitu visivyotumika tena), CMS au G1. Kwa CMS, thamani hiyo ina maana, na kanuni ya kawaida ni MB 100 kwa kila kiini cha prosesa, bila kuzidi robo ya hipu. Kwa G1, iache tupu kabisa. Ukiiweka umeifunga mikono G1: haiwezi tena kupanga ukubwa wa eneo la vitu vichanga ili kutimiza lengo la muda uliloiwekea katika `MaxGCPauseMillis`. Kwa hipu ya GB 8 kwenda juu ninachagua G1 bila kusita, hasa kwa kuwa CMS iliondolewa kabisa kwenye Java 14.

Sasa ushahidi. Katika `gc.log` utaona namba za aina hii: `6123M->1840M(8192M)`. Ya kwanza ni hipu iliyokuwa imetumika kabla ya uzoaji, ya pili ni iliyobaki, ya mabano ni hipu nzima. Namba ya kati ndiyo ya kufuatilia. Ikipanda na kushuka lakini ikirudi kwenye sakafu ile ile, hipu inatosha hata kama kilele kinagusa dari. Sakafu yenyewe ikipanda saa hadi saa hadi ikavuka asilimia 70 hata baada ya mizunguko ya uzoaji wa vitu vikongwe, basi kuna vitu hai visivyozoleka, na hapo ndipo mazungumzo ya kuongeza hipu yanaanza. Neno `To-space exhausted` kwenye logi ni dalili nyingine ya kweli: G1 ilitaka kuhamisha vitu ikakosa pa kuvipeleka. Neno `Humongous` lina habari tofauti. Hipu ya GB 8 hugawanywa katika maeneo ya MB 4, na kitu chochote kinachofikia nusu ya eneo, yaani MB 2, hupewa maeneo yake peke yake. Ukiyaona mengi, kuna mtu anatuma makundi makubwa ya maombi ya kuandika kwa pamoja, au anahifadhi picha za risiti ndani ya seli. Afadhali kumrekebisha huyo. Ikishindikana, `G1HeapRegionSize=16m` husaidia.

Katika `system.log`, mistari ya `GCInspector` hujitokeza kila uzoaji unapovuka milisekunde 200, na huwa onyo ukivuka 1000. Zilinganishe na vikomo vya klasta: kwa kawaida ombi la kuandika husubiri sekunde 2, la kusoma 5. Nodi ikisimama sekunde 3, maombi ya kuandika yaliyokuwa yakiisubiri yamekwishapitwa na wakati, na utayaona kama `MUTATION` zilizotupwa kwenye `nodetool tpstats`. Nodi jirani huiwekea vidokezo vya kuipa ikizinduka, lakini kwa saa 3 tu. Ikipita hapo unahitaji `nodetool repair` ili kusawazisha nakala.

Nodi ikianguka, soma ilivyokufa kabla ya kubadilisha namba yoyote. `Java heap space` ni hipu kujaa. `Direct buffer memory` ni tabaka la nje ya hipu, na kuongeza hipu hakuhusiani nalo. `Map failed` inadanganya kuliko zote, kwa sababu inakuja kama kosa la RAM wakati RAM ipo tele: Cassandra hufungua faili zake kwa kuzipanga kwenye anwani, na kerneli mara nyingi ina kikomo cha ramani 65530 kwa mchakato mmoja. Weka `vm.max_map_count=1048575` na tatizo linakwisha. Kifo cha nne hakiachi neno. Logi inakatika katikati, hakuna kosa lolote, mchakato haupo. Hapo endesha `dmesg -T | grep -i "killed process"`. Ukiuona mstari wa Java, kerneli ndiyo iliyoua, kwa kuwa hipu na vilivyo nje yake, pamoja na programu nyingine za seva hiyo, vimezidi RAM. Dawa yake ni kupunguza hipu, kinyume kabisa na silika ya wengi.

Wanaotumia kontena wakumbuke kwamba hati ile ya `cassandra-env.sh` husoma RAM kwa `free -m`, nayo huonyesha RAM ya seva nzima. Kontena yenye kikomo cha GB 8 ndani ya seva ya GB 32 itajipa hipu ya GB 8, na itauawa. Andika `MAX_HEAP_SIZE` kwa mkono wako.

Mara nyingi, hata hivyo, sakafu inayopanda haitokani na usanidi bali na umbo la data. Jedwali lenye ufunguo wa mwalo peke yake linamaanisha kila rekodi ya Kibirizi tangu mwaka wa kwanza iko kwenye patisheni moja (fungu la rekodi zenye ufunguo mmoja), na ombi moja lisilo na kikomo linaivuta kwenye hipu. Endesha `nodetool tablestats`, utazame `Compacted partition maximum bytes`. Ukiona mamia ya MB, badilisha ufunguo uwe mwalo pamoja na siku. Tazama pia makaburi, yaani alama za data iliyofutwa, ambazo hubaki siku 10 kwa kawaida na husomwa kwenye hipu kila zinapopitiwa. Anayefuta na kuandika upya bei za siku nzima kila dakika anazalisha makaburi kwa maelfu. Klasta huonya ombi likigusa 1000 na hulikataa likipita 100000. Kurekebisha haya mawili kumeokoa hipu nyingi kuliko GB zozote za ziada.

Swapu, yaani sehemu ya diski inayotumika kama RAM, izimwe: `swapoff -a`, kisha ondoa mstari wake kwenye `/etc/fstab`. Mzoaji taka hupitia vitu hai vya hipu, na ukurasa mmoja uliohamishiwa diskini unatosha kurefusha kusimama. Kwenye klasta, nodi iliyokufa ni nafuu kuliko nodi inayojikokota, kwani iliyokufa wenzake huacha kuitegemea. Kurasa kubwa za kerneli (transparent huge pages) nazo ziweke `madvise`.

Kuna jambo la umeme ambalo miongozo ya ughaibuni hailigusi. Nodi zote 3 zikiwa chumba kimoja na UPS moja, zinazimika pamoja, na nakala 3 hazikulindi: logi ya maandishi (commitlog) husukumwa diskini kila sekunde 10 kwa kawaida, hivyo sekunde hizo za mwisho zinaweza kupotea kwenye nodi zote kwa mpigo. Badilisha `commitlog_sync` kuwa `group` au `batch` kama kila rekodi ni fedha ya mtu. Unganisha UPS na hati inayoendesha `nodetool drain` betri ikikaribia kuisha, ili majedwali ya muda yashuke diskini na uwashaji usilazimike kurudia logi nzima. Umeme ukirudi, kashe ya kurasa ni tupu na usomaji utakuwa mzito kwa muda. Usibadilishe chochote katika muda huo wala usiutumie kupima.

Pima wakati wa giza. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, na kwenye mbalamwezi vyombo vingi hupumzika, hivyo klasta iliyopimwa wiki hiyo itaonekana imepona hata kama haijaguswa. Vivyo hivyo uvuvi unapofungwa, kama ilivyokuwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Badilisha nodi moja: `nodetool drain`, zima, hariri, washa, subiri `nodetool status` ioneshe `UN`, yaani nodi iko hewani na ni ya kawaida. Iache ipite asubuhi kadhaa za giza huku ukilinganisha `gc.log` yake na ya nodi mbili ambazo hukuzigusa. Sakafu ikiwa chini na kusimama kukiwa kufupi, nenda nodi ya pili. Hakuna tofauti, rudisha namba ya zamani na uende kutazama patisheni.