Mwanatheolojia si nabii: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Nafundisha theolojia, na wanafunzi wangu wengi wanatoka Rungwe, Makete, Njombe na Iringa. Kabla hawajafika darasani huwa wameshaambiwa kazi hii ni nini, na mengi waliyoambiwa si kweli. Inaniuma, kwa sababu dhana hizo hazimchafui mwanatheolojia peke yake. Zinawanyima waumini msaada ambao wangeupata.

"Ni mchungaji aliyesoma sana."

Wengine ni wachungaji kweli, wapo mapadre na watawa pia. Lakini wapo walei, yaani waumini wa kawaida wasio wachungaji wala mapadre, ambao hawajawahi kubatiza mtoto wala kufungisha ndoa. Kazi yenyewe ni kuchunguza kanisa linafundisha nini, lilianza lini kufundisha hivyo, na kama Maandiko yanaliunga mkono fundisho hilo.

Chukua jambo linalotutesa sana huku kwetu. Kijana amejinyonga. Mwinjilisti wa mtaa anapiga simu alfajiri: "Shikamoo mwalimu. Wazee wa kanisa wanasema tusimfanyie ibada, azikwe kimyakimya. Mama yake kanishika mkono haniachii. Nifanyeje?"

Uamuzi si wangu. Ni wa mchungaji wake na taratibu za kanisa lao. Kazi yangu ni kuwapa hoja za kuamulia, na huwa naanza na Biblia. Ahithofeli, mshauri wa mfalme Daudi, alijinyonga, na 2 Samweli 17:23 inasema akazikwa katika kaburi la baba yake. Mfalme Sauli aliuangukia upanga wake, na watu wa Yabesh-gileadi wakaizika mifupa yake, wakafunga siku saba. Hakuna mstari unaokataza ibada ya mazishi. Katazo lilikuja baadaye sana: mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Braga, katika Ureno ya leo, uliwanyima waliojiua heshima za mazishi ya kanisa katika karne ya 6, na Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 bado iliwakatalia waliojiua kwa kukusudia. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikuwataja tena. Katekisimu ya Kanisa hilo, yaani kitabu cha mafundisho yake, ya mwaka 1992 inasema kuwa maradhi ya akili, uchungu au hofu kubwa vinaweza kupunguza hatia ya mtu huyo, na inatutaka tusiukatie tamaa wokovu wake. Katika mafundisho hayo kujiua hakujahalalishwa. Kilichobadilika ni namna kanisa linavyomtazama aliyelemewa, na wale aliowaacha.

Kwa Iringa swali hili lina uzito wa pekee. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 pale Mlambalasi ili asikamatwe na Wajerumani, na fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 kama lake limehifadhiwa Kalenga kwa heshima kubwa. Mtoto wa Kihehe anakua akisikia ushujaa huo nyumbani, kisha kanisani anasikia laana. Si haki kumwacha ayapatanishe hayo peke yake. Tunapaswa kukaa naye, tumsaidie kumtofautisha mtawala aliyezingirwa vitani na kijana aliyezidiwa na madeni au ugonjwa, tena bila kumfanya yeyote kati yao kuwa njia ya kufuatwa na walio hai.

"Mwanatheolojia wa kweli anatabiri. Hawa wa darasani hawana upako."

Dhana hii ina nguvu sana Mbeya, na wanaoiamini wana shida za kweli: biashara imeyumba, mtoto haponi, ndoa imevunjika. Siwadharau hata kidogo. Ila naomba wausome pamoja nami mstari unaobandikwa kwenye vioo vya bajaji na daladala, Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani na tumaini.

Unasomwa kama ahadi ya mwaka huu. Lakini ni sehemu ya barua iliyotumwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa 10, unaotangulia moja kwa moja, unasema Mungu atawarudisha baada ya miaka 70. Wengi waliosomewa barua ile wasingeiona safari ya kurudi. Juu kidogo wanaagizwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wauombee amani mji ule ule uliowateka. Na katika mstari wa 8 wanaonywa wasikubali kudanganywa na manabii walio kati yao. Ukirudi sura ya 28 utamkuta nabii wa aina hiyo kule Yerusalemu, Hanania, aliyetangaza mbele ya makuhani na watu wote kwamba mambo yatanyooka ndani ya miaka miwili. Bila shaka miaka miwili ilipendeza masikioni kuliko 70. Hanania ndiye aliyekuwa mwongo.

Kazi ya mwanatheolojia ni hiyo: kuusoma mstari pamoja na majirani zake, hata pale majirani wanapoharibu mahubiri mazuri. Mama aliyeambiwa kuwa mambo yake yatanyooka kabla ya Desemba, kisha yasinyooke, anajilaumu kwa imani haba. Akiijua barua nzima, anajua kwamba alidanganywa.

"Ukisoma theolojia utapoteza imani."

Imani hutikisika, nisiwafiche. Mwanafunzi aliyelelewa na Biblia tangu Shule ya Jumapili anashtuka akijua kwamba Marko 16:9-20 haimo katika nakala mbili mashuhuri za Biblia za karne ya 4, zile zinazoitwa Sinaiticus na Vaticanus. Wapo wanaokuja ofisini wakiwa na hasira. Lakini mistari hiyo ndiyo yenye habari za kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha bila kudhurika. Ni afadhali mhubiri ajue historia yake kabla hajaisimamia mbele ya watu wanaomwamini kwa kila neno. Wengi niliowaona wakipita katika mtikisiko huo waliendelea kusali, na wakawa waangalifu zaidi wanapofungua kinywa madhabahuni.

"Theolojia ni ya Wazungu."

Wamisioni wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, ndiyo. Lakini Agostino, ambaye makanisa ya Ulaya yamemtegemea kwa karne nyingi, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo. Karibu nasi zaidi, padre Laurenti Magesa wa Tanzania na John Mbiti wa Kenya wameandika kuhusu dini za Kiafrika vitabu vinavyosomwa vyuoni duniani kote. Tena elimu hii si ya Wakristo pekee; Waislamu wana elimu ya tauhidi, na inafundishwa hata madrasa za mitaani.

"Si kazi ya wanawake, na hata ukisoma hakuna ajira."

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliridhia kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwaka 1990, na makanisa yasiyowabariki nayo yana wanawake wanaofundisha theolojia.

Kuhusu ajira, mshahara si mkubwa na nafasi si nyingi, hilo ni kweli. Ila zipo: vyuoni, kama Chuo Kikuu cha Iringa au Teofilo Kisanji pale Mbeya, katika vyuo vya Biblia, shuleni, na hospitalini kwa wanaohudumia wagonjwa kiroho. Ipo pia tafsiri ya Biblia kwa lugha za huku, kama Kisafwa, Kimalila, Kisangu na Kibena. Anayeitaka hii aanze Kiyunani na Kiebrania mapema, kwa sababu atakaa na sura moja muda mrefu. Rasimu ikikamilika ataipeleka kijijini, isomwe kwa sauti mbele ya wasemaji wa lugha, awaulize wameelewa nini. Kikongwe asiyejua kusoma akisema, "Sisi hatusemi hivyo, mwanangu," sentensi hiyo inarudi mezani.