Figo zikiumia ghafla: dhana potofu kuhusu chakula, na ukweli wake

"Asile sana, hasa nyama na mayai, figo zipumzike."

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu anayeisema huwa anampenda mgonjwa. Figo zinapoumia ndani ya saa au siku chache, mara nyingi mwili tayari unapambana na maambukizi makali, au umetoka kwenye upasuaji. Ukimnyima chakula, mwili unaigeukia misuli yake wenyewe. Misuli ikivunjwavunjwa huachia urea (taka ya protini) na potasiamu (madini ambayo figo huyatoa) kwenye damu, yaani mzigo uleule mliotaka kuzipunguzia figo, huku mgonjwa akizidi kudhoofu. Mwongozo wa 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya magonjwa ya figo, unashauri protini isibanwe kwa lengo la kuahirisha mashine ya kusafisha damu. Kwa ambaye hajafikia mashine na mwili wake hauvunji misuli kwa kasi, unataja gramu 0.8 hadi 1.0 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Akiwa kwenye mashine kiwango hupanda hadi gramu 1.0 hadi 1.5, kwani mashine nayo huondoka na sehemu ya protini.

"Anywe maji mengi, yatazisafisha."

Maji huokoa pale kuhara au kutapika kulipoukausha mwili, na hapo kuchelewa ni hatari. Lakini mkojo ukishakuwa haba, maji hayana pa kutokea: miguu inavimba, kisha mapafu yanajaa na mgonjwa anashindwa kulala chali. Ndiyo maana wodini mkojo hupimwa kwenye jagi. Hesabu ya kawaida ni mkojo wa jana, ukiongeza kama nusu lita ya jasho na pumzi. Jagi likionyesha mililita 300, basi siku nzima ni takriban mililita 800, na humo mnahesabiwa supu, maziwa na hata maji ya kumezea vidonge.

"Matunda na juisi za majani ni vya asili, havidhuru."

Potasiamu ikipanda mno, moyo unaweza kusimama bila dalili ya mapema. Ndizi, machungwa na nyanya zinayo kwa wingi; vivyo hivyo chumvi mbadala, ambayo nyingi hutengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Viazi vikikatwa vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa, sehemu kubwa ya potasiamu hupungua. Juisi ya spinachi ikinywewa kwa wingi kila siku huleta oksaleti, kemikali ya asili ya majani hayo, ambayo huganda kuwa fuwele ndani ya figo. Wapo walioumia figo kwa njia hiyo.

"Masharti ni ya maisha."

Si lazima. Figo zikianza kupona, mkojo unaweza kumwagika kwa wingi, ukiondoka na maji na potasiamu. Mgonjwa aliyekatazwa ndizi huenda sasa akazihitaji. Karatasi ya masharti ya wiki ya kwanza isikae jikoni miezi. Irudi kliniki, isomwe upya kando ya majibu mapya ya damu.