Riba ya nyumba ikishuka, usiongeze deni

Julai 2025 Benki Kuu ya Tanzania ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75, na dawati letu la mikopo ya nyumba hapa Arusha likaanza kupokea wateja wanaouliza mbona marejesho yao hayajasogea. Riba ile inaongoza bei ya fedha za muda mfupi baina ya benki. Mkopo wa nyumba hukaa miaka 15 au 20, huku amana nyingi zinazoubeba mwenye amana anaweza kuzichukua kesho asubuhi. Ndiyo maana mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za muda mrefu kwa kazi hiyo. Wakati ule riba za nyumba zilikuwa asilimia 22 hadi 24. Miaka ya karibuni nyingi zimekuwa kati ya 15 na 19. Zinashuka, ila kwa mwendo wa kobe. Na kama mkataba wako ni wa riba isiyobadilika, rejesho lako halitaguswa kabisa.

Tupige hesabu. Umekopa milioni 60 kununua nyumba Moshono, miaka 15, riba inatozwa kwenye salio linalopungua. Kwa asilimia 18, rejesho ni kama shilingi 966,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, 900,000 nzima ni riba. Deni lenyewe linapungua 66,000 tu. (Wengi wakiliona jedwali la marejesho hushtuka. Afadhali kushtuka kabla ya kusaini.) Kwa asilimia 15, rejesho linakuwa kama 840,000. Umepata nafuu ya 126,000 kila mwezi.

Nafuu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Kwa rejesho lilelile la 966,000, riba ya 15 inakuruhusu kukopa kama milioni 69. Mdokezee dalali wa Njiro kwamba benki imekuongezea kiwango, uone kama bei ya jana itabaki palepale. Wauzaji nao wanasikiliza taarifa ya habari.

Mimi ningekopa milioni 60 zilezile kwa asilimia 15, niendelee kulipa 966,000 kama vile riba haijashuka. Deni linaisha kwa miaka 10 na mwezi hivi, na jumla ya malipo inakuwa kama milioni 116 badala ya 151 za kulipa 840,000 kwa miaka yote 15. Kwanza uliza kama kuna ada ya kulipa kabla ya muda. Pia hakikisha imeandikwa kwamba ziada inapunguza deni lenyewe, isije ikahesabiwa kuwa rejesho la mwezi ujao.

Kwa ndugu zetu wa Moshi kuna jambo linalotangulia riba. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, kisicho na hati hakikubaliki kirahisi kama dhamana, hata riba ingekuwa asilimia 10. Na kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza kabla haijawekwa rehani. Saini ya mume peke yake haitoshi, wala ya mke. Upimaji na hati vina foleni yake. Kwa hiyo mwenye kihamba Kibosho anayetaka kukopa mwakani, aanzie ofisi ya ardhi kabla ya kuja kwetu.