Viboko na jela: kipi humzuia mhalifu?

Dhana: Tukirudisha viboko, hatutahitaji jela.

Ukweli: Kwa makosa makubwa, sheria za Tanzania hazikuviweka viboko mahali pa jela, bali juu yake. Sheria ya mwaka 1963 ilimpa aliyepatikana na hatia ya rushwa kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24, yaani 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka, na Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba hivyo vya mwisho ni vya kwenda kumwonyesha mkewe. Wanaodai viboko virudi huukumbuka sana utani huo. Wasichokumbuka ni kwamba sheria ya mwaka 1972 iliviondoa viboko ikabakiza vifungo, na vilipokuja kurudishwa mwaka 1989 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, vilifuatana na kifungo cha miaka 30. Sasa jambazi akiogopa, nani atajua ameogopa fimbo au ameogopa miaka 30?

Dhana: Aliyeonja bakora harudii kosa.

Ukweli: Waingereza waliowahi kututawala walilichunguza jambo hilo kwao. Kamati yao iliyotoa ripoti mwaka 1938 ilifuatilia wanyang'anyi 440 waliohukumiwa kati ya mwaka 1921 na 1930, ambao 142 kati yao walichapwa, ikaona kuwa waliochapwa ndio waliorudia uhalifu kwa kiwango kikubwa zaidi. Inawezekana mahakimu waliwachagulia mijeledi wale walio sugu tangu mwanzo, lakini hata hivyo dalili ya kwamba mjeledi uliwarekebisha haikuonekana, na mwaka 1948 adhabu hiyo ikafutwa katika mahakama zao.

Dhana: Kiboko ni mila yetu.

Ukweli: Kuchapana kulikuwapo, lakini kiboko cha serikali kina historia yake. Wazee wa pwani na bara walikiita "hamsa ishirini", kwa sababu Mjerumani alichapa 25 kwa mkupuo mmoja.

Dhana: Singapore ni salama kwa sababu wanachapa.

Ukweli: Singapore huchapa wanaume hadi fimbo 24, na kwa kawaida huwafunga pia. Hong Kong ilifuta adhabu hiyo mwaka 1990 na haikugeuka pango la wezi. Miji hiyo miwili inafanana katika jambo moja linalosahaulika kirahisi, nalo ni polisi wanaokamata na mahakama zinazomaliza kesi.

Dhana: Adhabu ikizidi ukali, na hofu huzidi.

Ukweli: Anayeruka ukuta saa nane za usiku hapigi hesabu ya fimbo wala ya miaka, anasikiliza kama mbwa amebweka na kama doria imeshapita. Kwa sababu hiyo, hata kurefusha kifungo hakusaidii sana pale ambapo wengi hawakamatwi, ingawa jela walau humtoa mtu mtaani kwa muda. Tena ukali ukipita kiasi huwalegeza wenye kuhukumu. Katika karne ya 18, Mwingereza aliyeiba ndani ya nyumba mali ya shilingi 40 alistahili kunyongwa, na wazee wa baraza la mahakama, wakiona mali iliyojaa mezani mbele yao, walithibitisha mara kwa mara kwamba thamani yake ni shilingi 39.