Nani anawalipa wanaokagua vyombo vya habari?

Ripoti ikitoka Kampala ikisema kituo fulani cha televisheni kinaibeba serikali, au kwamba gazeti fulani limegeuka sauti ya upinzani, watu hawasubiri kufungua ukurasa wa pili. Wanauliza: nani kawalipa hawa? Swali ni halali kabisa. Mkono mtupu haulambwi, na kusikiliza redio kuanzia alfajiri hadi usiku kwa miezi kadhaa, dakika kwa dakika, si kazi ya bure. Kinachonisikitisha ni kwamba tukishapata jibu tunafunga mjadala. "Ni pesa za ubalozi." "Ni watu wa chama." Ripoti inatupwa pale pale. Miaka yote ya kufundisha na kufanya ukaguzi wa aina hii imenionyesha kwamba fedha za mfadhili hazionekani sana katika uongo uliosemwa. Zinaonekana katika yaliyoachwa bila kusemwa.

Tazama Marekani, ambako asasi za kukagua vyombo vya habari zimekomaa na kugawanyika waziwazi. Media Research Center, iliyoanzishwa na Brent Bozell mwaka 1987, hukusanya makosa ya vyombo inavyoviona kuwa vya mrengo wa kushoto. Media Matters for America, ya David Brock, ilianza mwaka 2004 ikiwalenga wahafidhina. Ya kwanza imepokea mamilioni ya dola kutoka kwenye mfuko wa familia ya Mercer, wafadhili wakubwa wa wanasiasa wa Republican. Ya pili ilipewa dola milioni 1 na George Soros, tajiri anayefadhili wanasiasa wa upande wa Democratic, mwaka 2010, na mwenyewe akatangaza hadharani. Zote mbili zimesajiliwa kama mashirika ya hisani, hazilipi kodi ya mapato, na haziruhusiwi kumpigia mgombea kampeni. Kila mwaka hujaza fomu ya mapato na matumizi ambayo yeyote anaweza kuisoma, ila sheria inaruhusu majina ya wachangiaji yafichwe.

Mara nyingi vipande vya video wanavyoonyesha ni vya kweli. Mtangazaji aliyatamka maneno yale. Lakini soma asasi moja tu kwa mwaka mzima, utaamini kwamba upande wa pili haukosei kamwe. Hakuna aliyekudanganya, na bado umepotoshwa.

Kwetu Uganda hali ni tofauti, na ninaona watu wakiikosea kwa kuchukua maneno ya Marekani na kuyabandika hapa. Mkaguzi mwenye nguvu kuliko wote si asasi. Ni Tume ya Mawasiliano, UCC, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2013. Fedha zake zinatokana na ada za leseni na tozo za makampuni inayoyasimamia, na bodi yake huteuliwa na waziri kwa idhini ya Baraza la Mawaziri. Mwaka 2019, baada ya vituo kurusha habari za kukamatwa kwa mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine, UCC iliviagiza vituo 13 vya redio na televisheni viwasimamishe wahariri na watayarishaji wao, ikisema vimevunja viwango vya chini vya utangazaji. Huo nao ni ukaguzi wa vyombo vya habari, na swali la nani analipa na nani anateua lilistahili kuulizwa siku ile kwa sauti ileile tunayowaulizia wenye asasi.

Asasi za kiraia, kama Human Rights Network for Journalists na African Centre for Media Excellence, zipo kwenye uwanja ambao fedha yake hutoka zaidi kwa wafadhili wa nje. Mfuko wa Democratic Governance Facility, ulioanzishwa mwaka 2011 na nchi kadhaa za Ulaya pamoja na Umoja wa Ulaya, ulikuwa mlango mkubwa wa ruzuku za utawala bora nchini. Januari 2021 Rais Museveni aliusimamisha. Mwaka 2022 zuio likaondolewa, na kufikia mwisho wa mwaka huohuo mfuko ukafungwa. Januari 2025 Marekani nayo ikasimamisha misaada yake ya nje. Fikiria mkurugenzi wa asasi ndogo anayepaswa kulipa watu wa kunakili vipindi katikati ya mitikisiko hiyo. Anapanga kazi kwa kalenda ya mfadhili: mradi unaanza uchaguzi ukikaribia na kufa matokeo yakishatangazwa. Miaka minne ya katikati, redio zinapowauzia wanasiasa matangazo na kuzoea kuwanyamazia, hakuna anayesikiliza.

Kuna kimya kingine kinachoniuma zaidi, nacho ni cha lugha. Kuhesabu kurasa za magazeti ya Kiingereza ya Kampala ni rahisi, na ripoti yake inasomeka ubalozini. Kurekodi redio ya Kiacholi kule Gulu, ya Runyankole kule Mbarara, au vipindi vya Kiswahili vinavyosikilizwa mpakani Busia, kunahitaji mitambo, umeme na watu wa lugha hizo. Serikali ilipopiga marufuku ebimeeza mwaka 2009, ile mijadala ya redio ya hadharani, ilijua vizuri siasa ya nchi hii inazungumzwa kwa lugha gani. Ripoti isiyofika huko haiwezi kudai inapima vyombo vya habari vya Uganda.

Kwa hiyo ukipewa ripoti, nenda kwenye ukurasa wa mbinu. Je, wapimaji wawili walisikiliza kipindi kilekile bila kushauriana, kisha matokeo yao yakalinganishwa? Je, dakika za Rais akizindua barabara zimetenganishwa na dakika zake akiomba kura? Bila kutenganisha hayo, tarakimu ya upendeleo inaweza kuvutwa upande wowote. Ripoti inayokupa orodha ya vipindi ilivyopima, ili mwingine ahesabu upya, naiheshimu hata kama mlipaji wake simpendi. Isiyotaja mlipaji wala mbinu haistahili kunukuliwa hewani. Na kurasa za mitandaoni zinazoibuka msimu wa kampeni zikijiita wakaguzi huru, bila jina la mtu wala ofisi, ziogopeni: siku chache kabla ya uchaguzi wa Januari 2021 Facebook iliondoa mtandao wa akaunti bandia iliouhusisha na kitengo kimoja cha Wizara ya TEHAMA, na serikali ikajibu kwa kuifunga Facebook nchini.

Mwananchi ana haki ambayo wachache wanaitumia. Sheria ya asasi zisizo za kiserikali ya mwaka 2016 inazitaka zitoe taarifa za fedha zilizopokea na zilikotoka. Sheria ya upatikanaji wa habari ya mwaka 2005 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na afisa husika ana siku 21 za kujibu. Iandikie Wizara ya Mambo ya Ndani, ambako usimamizi wa asasi umehamishiwa tangu 2024. UCC nayo ni chombo cha umma, hivyo ombi kama hilo linaihusu: imepokea malalamiko mangapi, dhidi ya vituo gani, na nani aliyeyapeleka.