Ananusa, ananitazama, anaondoka zake

Mama mmoja wa Upanga, Dar es Salaam, aliingia kliniki na kapu la plastiki, ndani yake paka dume wa rangi ya chungwa, mnene, jina lake Kitumbua. Hata shikamoo yangu haikumaliza kuitikiwa, mashtaka yakaanza.

"Marahaba. Dokta, huyu ana maringo kuliko bibi harusi. Nimemnunulia pakiti za kila ladha iliyopo dukani. Kuku, jodari, nyama ya ng'ombe. Ananusa, ananitazama, anaparura sakafu kando ya sahani kama anafukia choo chake, anaondoka zake."

Kitumbua nilikuwa namfahamu. Wiki mbili kabla ya siku hiyo aliletwa usiku, amezibwa mkojo, kibofu kigumu kama chungwa bichi, akilia kila anapoguswa. Madume waliohasiwa, wanene, wasiotoka ndani, wanaokula punje kavu tu, ndio wateja wangu wakuu wa ugonjwa huo. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba, na chenga kama za mchanga pamoja na ute vinatosha kuuziba. Akikaa hivyo siku moja au mbili bila msaada, anakufa. Tulimwekea mpira wa kutolea mkojo, akapona, nikamwambia mama: kuanzia sasa chakula cha majimaji, cha kopo au cha pakiti. Nikasahau kumweleza namna ya kumfikisha huko. Kosa langu.

Kwanza nieleze kwa nini naling'ang'ania hilo kopo, maana wengi hudhani ni anasa ya watu wenye hela. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, mnyama wa nyika kame, ambaye maji yake mengi aliyapata ndani ya windo. Mwili wa panya, karibu theluthi mbili ni maji. Figo za paka zinakamua mkojo mpaka unakuwa mzito kupindukia, na kiu yake ni dhaifu. Sasa chukua paka wa kilo 4. Kwa siku anaweza kula gramu 60 hivi za punje kavu, na humo maji hayafiki hata kijiko kimoja cha mezani. Chakula kile kile kikiwa cha pakiti za gramu 85, atahitaji kama pakiti tatu, na humo kuna maji karibu mililita 200. Ni kweli mla punje huenda bakulini mara nyingi zaidi, lakini kwa kawaida hafidii tofauti yote. Ukitaka kuona, angalia kisanduku cha mchanga: mabonge ya mkojo ya mla kopo ni makubwa na mkojo wake umefifia rangi.

Ushauri utakaoupata mtaani ni mmoja: mnyime punje, njaa itamfundisha. Kwa mbwa, mara nyingi inakubali. Kwa paka nakuomba usithubutu. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza baada ya kutoka SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nilimwambia mteja maneno hayo hayo. Paka alikuwa jike mnene wa kilo 6. Akagoma siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya tano aliletwa, ufizi na ndani ya masikio vimekuwa manjano kama binzari. Paka asipokula, hasa mnene, mwili unayeyusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini haraka kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Ini linajaa mafuta, kichefuchefu kinaanza, hamu ya kula inazidi kutoweka, na hapo ameshaingia kwenye shimo ambalo hatoki mwenyewe. Yule tulimlisha kwa mpira wiki nyingi. Alipona, na mwenye paka alinisamehe, ila sheria yangu toka siku ile haina mjadala: saa 24 bila kula chochote, rudisha chakula alichozoea na unipigie. Asipokigusa hata hicho, mlete siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Kwa hiyo, maringo? Hapana. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi, na paka ndiye aliyeumbwa kwa methali hii. Anajifunza nini ni chakula akiwa mdogo, kwenye wiki zile za kuachishwa ziwa, kwa kunusa anachokula mama yake na kwa jinsi kitu kinavyojisikia mdomoni. Paka aliyelelewa kwa punje anaijua sauti yake ya kuvunjika na ule ukavu wake. Ukimwekea rojorojo ya kopo, hajaikataa ladha, maana hata hajaionja. Haitambui kuwa ni kitu cha kuliwa. Mweke Mzaramo mbele ya jibini lenye ukungu uone kama hatanusa na kukutazama. Na kule kuparura sakafu kando ya sahani si dharau: paka mwitu hufukia mabaki asiyoyataka sasa hivi, na wako amerithi.

Ulimi pia haumsaidii sana. Ana vinundu vya ladha vya mamia tu, wakati sisi tunavyo maelfu, na utamu hausikii kabisa. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kuwa jeni moja ya kuutambua imeharibika kwake. Mwamuzi mkuu ni pua. Ndiyo maana paka mwenye mafua anaacha kula, na ndiyo maana chakula kilichotoka kwenye friji, baridi na bila harufu, kinakataliwa hata na paka asiye na shida yoyote.

Turudi Upanga. Kabla ya kugusa chakula tulipanga saa. Bakuli la Kitumbua lilikuwa halikauki punje mchana na usiku, na mnyama anayedonoadonoa kutwa hana sababu ya kujaribu kigeni. Tukaweka milo mitatu, punje zile zile, kiasi kile kile kwa siku, lakini sahani inaondolewa baada ya nusu saa. Siku mbili za kwanza alilia mlangoni alfajiri, na mama akanitumia sauti ya kilio hicho kwenye WhatsApp kana kwamba mimi ndiye ninayekaa na paka. Siku ya nne akawa anangoja saa yake, mkia juu.

Hapo ndipo kopo likaingia, na halikuingia kwenye sahani yake. Sahani ndogo bapa kando ya ile ya punje, juu yake donge lisilozidi punje ya harage. Halichanganywi na chochote. Wengi huharibu hapa: wanachanganya nusu kwa nusu, paka anakuta chakula chake anachokiamini kimechafuliwa, na sasa anakikataa hata hicho. Donge linakaa tu, linanukia, anakula vyake kando yake. Lisipoguswa kwa nusu saa, litupe. Kwa joto la Dar hakuna kulibakiza, na sisimizi watakuwa wameshapata habari. Mimi husimamisha sahani ya chakula ndani ya sahani kubwa yenye maji kidogo, kama bibi zetu walivyofanya na bakuli la sukari.

Joto la chakula lina kazi kuliko ladha iliyoandikwa kwenye pakiti. Unatafuta uvuguvugu wa windo lililokamatwa sasa hivi, nyuzi 37 au 38. Tumbukiza pakiti ambayo haijafunguliwa kwenye kikombe cha maji ya moto dakika chache, kisha pima kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama maziwa ya mtoto. Kopo lililokwisha kufunguliwa lifunike, likae kwenye friji siku mbili, si zaidi, na chota kile cha mlo mmoja tu uongeze tone la maji ya moto. Maikrowevu siipendi kwa kazi hii kwa sababu inaacha sehemu inayounguza katikati ya chakula cha baridi, na paka akiungua ulimi mara moja, hilo kopo limekufa kwake.

Baada ya siku tano donge la Kitumbua lilikuwa bado halijalambwa. Tukaja kwenye mbinu ninayoitegemea kuliko zote: saga punje zake mwenyewe ziwe unga, unyunyizie juu ya donge mpaka lisionekane. Anaponusa anakuta harufu anayoijua. Mama akafanya, Kitumbua akakimbilia chini ya kochi. Nikauliza amesagia kwenye nini. "Kwenye kinu, Dokta, si kile changu cha kitunguu saumu." Mama yangu! Vitunguu vya aina zote, maji na saumu, vibichi au vilivyopikwa, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Hakikuwa kiasi cha kumdhuru, ila pua yake ilikuwa na haki. Akaweka punje kwenye mfuko wa plastiki akaziponda kwa chupa, na siku ya tisa nikatumiwa video ya sekunde sita: ulimi, mara mbili, kisha akajilamba pua. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri.

Kutoka hapo ni kazi ya uvumilivu. Harage moja likawa kijiko cha chai, kijiko kikawa viwili, unga ukapungua kila siku mbili tatu, na punje zikapunguzwa kadiri kopo linavyoliwa kweli. Akisita, unarudi hatua moja bila ugomvi. Kitumbua alichukua wiki saba. Nimeona wa siku nne na nimeona wa miezi mitano.

Umbile la chakula nalo usilipuuze. Kuna kilicholainishwa kama maini yaliyosagwa, kuna vipande kwenye mchuzi, kuna vya jeli. Mla punje mara nyingi huanza kwa kulamba mchuzi na kuacha vipande. Mwache, hayo maji ndiyo tunayoyatafuta. Kitumbua alitaka kilichosagwa, kilichosambazwa kwa uma kikawa na mistari.

Dagaa? Najua utauliza. Unga wa dagaa unawashawishi paka wagumu kweli kweli, lakini chagua wa Kigoma au wa Mwanza waliokaushwa juani bila chumvi, si wale waliochemshwa kwenye maji ya chumvi. Osha mchanga, kaanga bila mafuta, ponda, chekecha, tumia kiasi cha kushikwa na vidole viwili tu. Kwa paka aliyewahi kuziba mkojo kama Kitumbua siwatumii, kwa sababu ya madini ya ile mifupa. Kwake tulitumia supu ya kuku iliyochemshwa peke yake, bila chumvi wala kitunguu. Na usije ukageuza samaki na wali kuwa ndiyo chakula chenyewe. Paka hawezi kujitengenezea taurini (kirutubisho cha kwenye nyama) ya kumtosha. Mwaka 1987 watafiti wa California walionyesha kuwa upungufu wake unalegeza na kutanua moyo wa paka, na watengenezaji wakaongeza kiwango kwenye makopo. Soma lebo: inayosema ni chakula kamili ndiyo mlo, inayosema ni cha nyongeza ni kitafunio. Paka shume wa soko la samaki la Feri anaishi kwa vichwa vya vibua, ndiyo, lakini anaongezea panya na mijusi ambao hukumwona akiwala.

Usimlishe kwa nguvu kwa bomba la sindano, na usifiche dawa ndani ya chakula kipya. Paka anayejisikia vibaya anakihusisha chakula alichopewa na ule ugonjwa, na chuki hiyo inadumu. Kwa sababu hiyo hiyo siku hizi simbadilishi paka chakula akiwa bado ana kichefuchefu. Nangoja arudi kwenye hali yake.

Kuna wanaoitwa wachaguzi kumbe ni wagonjwa. Mkalie karibu wakati wa mlo. Akija mbio, akanusa, akalamba midomo, akameza mate na kugeuka, hicho ni kichefuchefu, nitataka kupima figo. Akichukua tonge, akainamisha kichwa upande mmoja, akaliangusha au akakimbia kana kwamba limemng'ata, nitataka kuona meno na ufizi. Na mpime uzito kila wiki: panda mzani naye, kisha panda bila yeye, toa. Mzani uwe wa kuonyesha gramu; huna, pitia kliniki. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 200 nataka kujua. Akipungua 400 nataka kumwona.

Kama mfuko hauruhusu pakiti tatu kwa siku, na kwa wengi hauruhusu, mpe moja usiku na punje mchana, na pakiti hiyo uiongezee vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu. Mama wa Upanga ndivyo anavyofanya. Shida yake ya sasa ni nyingine: ladha pekee anayoikubali Kitumbua imepotea madukani. Nilikuwa nimemwambia, mara paka akishakubali moja, aanze kumfundisha ya pili kabla ya ya kwanza kuadimika, maana vitu hivi vinakuja kwa kontena na vinaisha bila taarifa. Amebakiwa na pakiti kumi na moja. Jana tumeanza upya, harage moja, la kuku, sahani ya pembeni.